Udongo wa Zizi la Baba

Wifi hamsifu wifi. Hilo mlijue kwanza, msije mkadhani nimezeeka vibaya. Kwetu Ugogo kazi ya wifi ni kuutazama ugali wa mke wa nduguye na kusema una mabonge, basi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na nimeifanya vizuri, hata Loisi mwenyewe angekuwepo hapa angekubali. Lakini leo nitamsifu, maana tuliobaki wa kuyasema haya ni wachache, na wapo wanaopita huku na kule wakidai msitu ule ulipandwa na Wajerumani. Wajerumani! Wajerumani walileta kamba.

Loisi alikuwa mtu wa Mlali, huko kwenye mvua ya kueleweka. Aliolewa na mdogo wangu Sila akaletwa kwetu, kwenye kilima nyuma ya Buigiri, ambako mbingu ikinyesha mara tatu watu wanasema mwaka huu imezidi. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene, na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananusa udongo. Anaokota donge, analivunja, analipeleka puani kama mtu anayekagua maziwa kama yamechacha.

"Wifi," aliniambia, "udongo wa huku una njaa."

"Wa kwenu Mlali umeshiba," nikamjibu. "Mbona umeuacha ukaja kuolewa huku?"

Akacheka. Na kucheka kwake nako kulinikera.

Nitasema ukweli kuhusu chuki yangu, kwa sababu hakuna tena wa kumficha. Sababu ilikuwa baba. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Mama alipofariki nikampikia baba miaka kumi na mmoja, kabla na baada ya kuolewa kwangu tembe ya jirani, asubuhi na jioni. Loisi alipofika akampikia uji wa uwele siku moja tu. Baba akaumaliza wote, akafuta mdomo, akasema mbele ya watu, "Mikono ya huyu inalisha." Jamani! Miaka kumi na mmoja, mimi hakuniambia hivyo hata mara moja.

Baba alikufa kabla reli haijafika Dodoma. Tulimzika kama tulivyokuwa tukiwazika wenye miji wakati ule, ndani ya zizi lake la ng'ombe, katikati ya samadi aliyoirundika miaka thelathini. Kisha tukahama, tukajenga tembe mpya hatua mia mbili upande wa chini. Tembe ya zamani ikaanguka, mahali pakawa mahame, na zizi likabaki na baba. Tulilizungushia miiba. Hakuna aliyeingia, hakuna ng'ombe aliyelala pale tena, na mbuzi aliyethubutu kusogea alikula jiwe langu. Kufagia kandokando ya miiba ile ilikuwa kazi yangu mimi, na nilipafagia kila siku ya mwandamo.

Juu ya mahame ndipo palipokuwa na shamba la baba, na kabla yake la baba yake. Mteremko mzima. Walilima mtama juu ya mtama mpaka mtama wenyewe ukakata tamaa, ukawa unaishia magotini na suke lake kama kidole changu hiki. Tukaliacha. Udongo ukawa mgumu, ukigonga jembe linalia, na mkono unabaki unauma mpaka jioni.

Basi reli ikaja, na gari moshi lile lilikuwa linakula kuni kuliko harusi ya mtemi. Miti ya karibu ikaisha. Ndipo akatokea Mjerumani mmoja wa misitu. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Kamba, kwa sababu alitembea na kamba yenye mafundo ya kupimia mistari. Nyuma yake alikuja nyapara wake, Abdulkadiri, mtu wa Dodoma mjini, mwana wa watu wa misafara waliotoka pwani, kanzu nyeupe na tarabushi nyekundu hata jua likiwa utosini. Abdulkadiri alikuwa mtu mwema. Kosa lake ni kwamba alimwogopa Bwana Kamba mno.

Bwana Kamba akautazama mteremko akasema hapa halimi mtu, hapa serikali inapanda miti, na tembe kumi na mbili za hapa ndizo zitakazofanya kazi, Sila akiwa msimamizi wao. Kisha akatamka neno la Kiswahili alilokuwa analijua vizuri.

"Safi! Shamba safi!"

Neno hilo, nyie, ndilo lililotumaliza. Kwetu uwanja safi maana yake nini? Ni uwanja ambao punje ya uwele ikidondoka unaiokota bila kuitafuta. Na nani alikuwa bingwa wa uwanja kama huo, kuanzia pale mpaka Buigiri misioni? Abdulkadiri alipokazia, "Bwana anataka safi," wanawake wote wakageuka wakanitazama mimi. Nikavimba kichwa.

Tukachoma mabua yote yaliyosalia. Tukang'oa majani mpaka mizizi. Halafu, na hapa cheka ukitaka, tukaufagia mteremko. Wanawake thelathini, fagio thelathini, mimi mbele. Siku nne tulifagia shamba kama sebule. Ulipomalizika mteremko ulikuwa unang'aa mwekundu, na Bwana Kamba akasema, "Safi sana." Nikaona nimepewa nishani.

Loisi peke yake ndiye aliyekuwa anafagia kwa kuburuta miguu. "Wifi," akaninong'oneza, "umeuvua udongo nguo."

"Wivu," nikamwambia.

Tukapanda mijohoro mia sita, miche ya kutoka Dodoma, kwenye mistari ya kamba, iliyonyooka mno. Mvua ikaja. Maji yakateleza kwenye mteremko ule kama yanavyoteleza kwenye kipara, yakachukua na kile kivumbi kidogo kilichobaki, yakashuka nacho bondeni. Miche ikabaki imesimama kwenye matofali. Ilipofika katikati ya kiangazi tulikuwa na vijiti mia sita vilivyonyooka mno.

Mwaka wa pili Abdulkadiri akaja na maarifa ya mjini. Mbolea! Akaamuru kila tembe itoe mavi ya ng'ombe, yale ya asubuhi hiyohiyo yenye kutoa moshi, tukayashindilia kwenye mashimo mpaka juu. Loisi akasema, "Mavi ya leo hayajawa chakula, bado ni mavi." Watu wakacheka hata Sila mumewe akaona aibu. Miche ikaungua mizizi ndani ya wiki mbili. Iliyobaki wakaja mchwa, wakasema asante.

Bwana Kamba alipokuja kuona, hakupiga kelele. Hapo ndipo tulipoogopa. Alizungumza polepole, na Abdulkadiri akatafsiri akitazama viatu vyake.

"Bwana anasema miti haifi yenyewe. Anasema watu na mbuzi wao ndio wanaoiua. Mvua ijayo mtapanda mara ya mwisho. Akija kiangazi akaikuta imekufa, tembe zote kumi na mbili zinavunjwa. Mtahamishiwa Mtera."

Siku hizo Mtera ilikuwa mto na joto na mbung'o. Ng'ombe aliyeshuka kule alikuwa hafikishi mwezi wa pili. Mgogo bila ng'ombe ni nani? Na baba je, anabaki na nani kwenye zizi lake? Niliketi chini palepale mbele ya Mjerumani.

Alipoondoka, watu wakakusanyika uwanjani kwa Sila, kila mtu ana neno na hakuna mwenye dawa. Loisi akasimama. Mwanamke aliyeolewa tu, wa Mlali, akasimama.

"Miti inaweza kuishi," akasema. "Tusifagie tena. Tuchimbe mashimo mapana sasa hivi, kabla ya mvua, na upande wa chini wa kila shimo tuweke ukingo wa udongo, mfano wa mwezi mchanga, maji yakishuka yakamatwe. Mabua yote na majani yote tuyarudishe juu ya shamba, yaulalie udongo. Katikati ya mistari tupande kunde, kunde haiuchoshi udongo, inaulisha."

"Na mbolea?" akauliza Sila.

Loisi akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

"Mbolea iliyoiva iko sehemu moja tu kilima hiki kizima. Iko mahame. Nimeitazama juu ya miiba. Imekuwa nyeusi kama unga wa mkaa, na imeota miti ya mipogolo yenyewe, haijapandwa na mtu, na ina majani wakati huu ambao kila kitu kimekauka."

Sikukumbuka kuinuka. Nilijikuta nimeshafika, na nimeshamzaba kofi ambalo hata kuku walilisikia.

"Unataka kumchimba baba yangu!" nikapiga kelele. "Ulianza na uji, sasa unataka na mifupa!"

Hakunirudishia. Alishika shavu tu. Watu wakatawanyika, maana jambo la zizi la mwenye mji halina mjadala. Sila ndiye mwanamume, lakini bila kifungua mimba kusimama pale na maji ya unga na kuomba, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kugusa hata chembe. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu ulishasema hapana.

Wiki tatu sikuzungumza naye. Asubuhi nilimwona akipanda mteremko peke yake na jembe. Alichimba, akaweka ukingo, akachimba lingine. Siku ya nne Sila akamfuata. Siku ya saba walikuwa wanawake kumi. Mabua niliyoyachoma mwaka wa kwanza hayakuwepo tena, wakaenda kuomba mabua kwenye mashamba ya mbali, wakayabeba kichwani. Mimi nilikaa uwanjani kwangu nafagia. Nilifagia mpaka ardhi ikaanza kuonyesha mawe.

Abdulkadiri akanikuta hapo. Alikuwa amekonda, kwa sababu naye Bwana Kamba alishamwambia la kwake. Akanisalimia vizuri, akaketi juu ya kinu, akasema, "Dada, sisi pwani tuna neno. Mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Huyali wewe, mbona unamfukuza kuku anayeyataka?"

Nikamtupia ufagio. Tarabushi ilianguka. Aliiokota, akaipangusa, akaondoka, na mimi nikabaki na neno lake limenikwama.

Kesho yake asubuhi nikamwona Loisi anaelekea mahame na kikapu. Ahaa! Nikasema leo nimemkamata mwizi. Nikamnyatia kwa nyuma na fimbo mkononi, moyo unanidunda kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha ya kumkuta na kosa.

Nikamkuta amepiga magoti nje ya miiba. Kikapu kilikuwa kitupu. Mikono ameiweka nyuma ya mgongo, ameshikanisha vidole vyake vile vinene, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Alikuwa ameinama tu, ananusa.

"Sijagusa, wifi," akasema bila kugeuka. "Nakungoja wewe."

"Utangoja sana."

"Mvua hazijakaribia."

Nikasimama. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Aliponisifu ule uji," akasema, "unajua kwa nini? Nilikuwa nimeupika kwa unga wako. Sikuwa na unga, mimi mgeni, nikachota kwenye mtungi wako. Ulikuwa umeutwanga wewe, laini, nami sijawahi kuuona unga kama ule. Nikamwambia baba baadaye, unga ni wa dada. Akasema najua, mwanangu huyo anasaga kama mama yake, ila nikimsifu atavimba kichwa."

Nyie. Nilisimama pale na fimbo yangu. Machozi yalinitoka kama mtoto, sikuyafuta. Miaka yote ile.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema ugali wangu una mabonge."

"Una mabonge!"

"Una mabonge," akakubali. Kisha akageuka akanitazama. "Wifi, mimi simtaki baba atoke hapa. Ninataka abaki na watu wake. Tukipelekwa Mtera, nani atafagia kandokando ya miiba hii?"

Nikaenda nyumbani, nikatwanga unga wa uwele, laini kuliko niliowahi kutwanga maisha yangu yote. Nikautia maji kwenye kibuyu. Jina hili la Dorkasi sikuwa nalo bado, nililipata baadaye kwenye maji ya ubatizo ya Buigiri, na hata ningekuwa nalo ningefanya vilevile. Jua lilikuwa limeshapanda. Watu wa tembe zote kumi na mbili walikuja wakasimama nje ya mahame. Sila akaondoa miiba. Nikaingia.

Mahali penyewe alipolala baba tulikuwa tumepawekea mawe meupe. Nikamwaga unga juu ya mawe, nikamsalimu kwa sauti, watu wote wasikie:

"Baba, mbukwa. Ni mimi. Nimeambiwa habari za unga, na nimekasirika, ungeniambia mwenyewe. Sasa tuna shida. Tunaomba ile samadi uliyoturundikia. Pale ulipo hatutagusa, lakini hii nyingine tuachie, ututunze kama ulivyotutunza. Ukikataa, tutakuacha hapa na mafisi, na sisi tutakufa na mbung'o. Mimi ndiye nasema, usimlaumu Loisi."

Upepo haukuvuma, ndege hakulia, hakuna kilichotokea, msije mkadanganywa na wanaosema nchi ilitikisika. Nilichukua jembe tu nikalipiga nje ya mawe. Likazama lote. Halikulia. Nikapiga magoti nikachota kwa mikono, ulikuwa mwepesi, mweusi, wa baridi, na harufu yake ni ile ya mvua ya kwanza. Nikaunusa. Ndiyo, mimi. Nikaunusa mbele ya watu wote, na Loisi akaangua kicheko, na mimi nikacheka, na kikapu cha kwanza nikakibeba mwenyewe.

Tulibeba mwezi mzima. Kikapu kimoja kwa mashimo manne, tukichanganya na ule mwekundu, Loisi akipita nyuma yetu anafokea watu kama nyapara. "Umeweka nyingi wewe, unafikiri unashindilia ghala?" Mabua yakatandikwa juu. Kilima kilikuwa kichafu, mabwana, kilikuwa na sura ya jalala. Abdulkadiri alipokiona alishika kichwa.

"La haula! Bwana akija akaona taka hizi?"

"Taka ni nini?" nikamuuliza. "Wewe kanzu yako nyeupe hiyo umeivua? Basi na udongo umevaa yake. Leta miche."

Akaleta miche, mijohoro mia sita. Na ufagio wangu nikauvunja vipande, nikautandika kwenye shimo la kwanza na mabua mengine. Uliozea hapo.

Mvua ilichelewa, halafu ikaja kwa hasira. Tulikimbilia mteremko kutazama. Maji yalishuka, yakafika kwenye ukingo wa kwanza, yakakaa. Yakafika wa pili, yakakaa. Kila shimo lilikunywa kibakuli chake. Sila alikuwa anarukaruka kwenye matope kama ana miaka mitano. Halafu mvua ikakata wiki nne nzima, kama kawaida yake huku kwetu, jua likawaka. Nilikuwa naenda kila siku nainua mabua kidogo, naingiza kidole. Chini kulikuwa na unyevu. Kunde zikatambaa zikafunika katikati ya mistari, tukachuma majani tukala mlenda na kunde mpaka masika yakaisha.

Kiangazi kikaingia. Nchi yote ikawa rangi ya ng'ombe mwekundu. Siku Bwana Kamba alipokuja, alikuja na askari wanne na karatasi yenye majina ya wenye tembe kumi na mbili. Alikuwa ameshajua jibu. Wanawake wengine walikuwa wameshafunga vyungu kwenye nyavu. Loisi hakufunga kitu. Alikuwa anapika ugali.

Tukapanda naye kilima, watu wote. Akafika kwenye mstari wa kwanza akasimama.

Ilikuwa hai. Ilikuwa mifupi, mwingine ulifika magotini, mwingine kiunoni, lakini ilikuwa ya kijani katika nchi ambayo haikuwa na kijani kingine mpaka macho yanapoishia. Bwana Kamba akatoa kamba yake, akaanza kuhesabu, Abdulkadiri nyuma yake anahesabu kwa tasbihi. Walihesabu mpaka jua likafika utosini. Walipokutana chini, Abdulkadiri akanijia mbio.

"Haiwezekani," akaninong'oneza. "Dada, tumeharibikiwa. Imezidi."

"Imezidi nini?"

"Mijohoro iliyo hai ni mia tano na arobaini. Lakini miti yote ni mia saba na zaidi! Bwana anauliza, hii mingine imetoka wapi? Nani aliyeipanda bila ruhusa?"

Tukaenda kutazama. Ilikuwa mipogolo. Imeota kwenye mashimo yaleyale, pembeni ya mijohoro, miba yake midogo na majani yake laini. Nikaelewa palepale. Baba alikuwa akiwalisha mbuzi wake maganda ya mpogolo kila kiangazi. Mbegu zilipita kwa mbuzi, zikalala kwenye samadi miaka yote ile, na sisi tukazibeba kichwani bila kujua.

"Mwambie," nikasema, "aliyeipanda ni baba yetu."

Abdulkadiri akakunja uso. "Baba yetu yule wa misioni, wanayemwomba Jumapili?"

"Hapana, bwana wewe! Baba aliyenizaa!"

Akatafsiri. Bwana Kamba akauliza neno, Abdulkadiri akanigeukia. "Anasema huyo Baba aletwe. Anataka kumpa kazi ya kutunza misitu."

"Mwambie yuko zizini kwake," nikasema, "na hatoki."

Nikamwonyesha kwa kidole. Mjerumani akatazama chini, akaona miiba, akaona mawe meupe katikati ya shimo kubwa tulilolichota. Akapiga goti moja, akainua mabua, akachimba kwa kisu chake penye shina. Udongo ulitoka mweusi, na ndani yake nyungunyungu mnene akijinyonganyonga. Bwana Kamba alimweka kiganjani, akamtazama, kisha akamrudisha shimoni akamfunika kwa vidole. Akavua kofia. Akatoa kitabu chake akaandika, na Abdulkadiri aliyejua kusoma akachungulia.

"Ameandika nini?"

"Ameandika: Baba."

Ile karatasi ya majina aliikunja akaitia mfukoni. "Mnabaki," akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Loo! Vigelegele vilivyopigwa siku ile nadhani hata Mtera mbung'o walivisikia. Wanaume walimbeba Loisi juujuu, mfupi vile, miguu inaning'inia, akipiga kelele kwamba ugali wake unaungua. Na kweli uliungua. Tuliula hivyohivyo, mimi nikala mara mbili.

"Wifi," akaniambia tukiwa tunakula, "shavu langu bado linauma."

"Na ugali una mabonge," nikamjibu.

Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka na vitabu vyao. Tembe zetu zilibaki. Ng'ombe walibaki. Msitu ukaitwa Msitu wa Baba, na udongo wake leo ukiuchota hauhitaji kuunusa, unakufuata wenyewe puani.

Loisi alikufa kabla yangu, ambalo ni kosa lake moja ambalo sijamsamehe. Nilisema azikwe juu kule, penye shimo la kwanza, chini ya mpogolo ulioota juu ya ufagio wangu. Hakuna aliyenipinga, wananijua. Mpogolo una tabia ya ajabu, huvua majani wakati wa mvua, ukayamwaga yote chini. Kaburi lake hufunikwa kabisa kila mwaka, majani juu ya majani. Mimi naenda kila mwandamo, nakaa naye, namsimulia umbea, na sifagii. Hata jani moja siondoi.

Juzi walipita wanawake wageni wakaliona, wakasikitika. Mmoja akasema, "Masikini, kaburi chafu hivi, marehemu hakuwa na ndugu?"

"Anaye," nikawaambia. "Ana wifi."